Mwalimu Aliyegonga Meza Mara Mbili

Nitamwita Mwalimu tu, maana Ibighi nzima, huku Tukuyu, tunamwita hivyo, na jina lake lenyewe limebaki kwenye makaratasi ya serikali. Alikozaliwa sijui. Baba yake alikuwa nani, kwao wanalima nini, sikuuliza na yeye hakusema. Alihamishiwa huku kufundisha Kiingereza sekondari. Mwaka wa kwanza akalalamikia baridi, mwaka wa pili akalalamikia mvua, na alipostaafu sote tukangoja afunge mizigo arudi kwao kwenye jua. Yeye akanunua mabuti mapya ya mvua akakaa. Mtu alipomwuliza kwa nini haondoki, alijibu, "Nasubiri mvua ikatike kwanza." Wewe unayeijua Tukuyu utaelewa kwamba huyo mtu alikuwa haendi popote.

Naandika habari zake kwa sababu ya yaliyotokea mwaka huu. Mwalimu alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukalala nao, na haikupita wiki watu wakaanza kusema kwamba na akili imeondoka. Mtu yuko kwenye kiti, macho wazi, unamsalimia kama unasalimia kabati. Niliposikia hivyo nilishika ukuta. Na si kwa huruma peke yake, nisikuongopee. Huyo ndiye mtu mmoja tu duniani niliyewahi kumwambia jambo fulani la kweli kuhusu maisha yangu. Kama kweli ameondoka, basi nimebaki nalo mwenyewe. Jambo lenyewe nitalisema, usinikimbize. Kwanza umjue mtu.

Mimi ni wa Suma kwa kuzaliwa. Shule niliishia darasa la nne, nikaenda kuchuma chai, nikachuma mpaka magoti yakagoma. Hapo nikafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, na Mwalimu akawa mtu wangu wa maziwa. Sasa Mwalimu alikuwa na ugonjwa wa kidumu. Ukimpelekea maziwa, hakubali uondoke na kidumu kichafu, na hakubali mtu mwingine akioshe. Anakiosha mwenyewe. Mara ya kwanza kwa maji baridi, mara ya pili kwa maji ya moto, mara ya tatu kwa maji ya moto tena. Halafu anakiinua juu anachungulia ndani kwa jicho moja, kama mtu anayetafuta nyoka. Halafu anakinusa. Ukimwambia, "Mwalimu, kimeshatakata," anakutazama tu. Kwa hiyo unakaa barazani unasubiri. Kiingereza nilichonacho, chote nilikipata nikiwa nasubiri kidumu.

Ilikuwa hivi. Mwenye bucha wetu alikuwa na binti anasoma Mbeya. Binti akija likizo, anaongea na wenzake kwenye simu kwa Kiingereza mbele ya baba yake, anacheka, anamtazama baba, anacheka tena. Mwenye bucha akaenda kwa Mwalimu, akasema, "Nifundishe. Sitaki kuongea. Nataka nijue tu kama ananisema." Mwalimu akamwambia aje Jumapili baada ya ibada. Mwenye bucha akaona aibu kuja peke yake, akavuta wenzake wawili watatu wa kiwanda cha chai. Mimi nilikuwa pale kwenye kona na baridi yangu, nasubiri kidumu. Jumapili ya tatu Mwalimu akanigeukia bila hata kusema karibu: "Na wewe mama wa maziwa, sentensi yako iko wapi?"

Nikasema, "Mimi nasubiri kidumu, Mwalimu."

"Kidumu hakijakauka. Lete sentensi."

Darasa lake halikufanana na darasa lolote. Hakuna kitabu, hakuna ubao. Neno ni moja kwa wiki, la kawaida kabisa, lile ambalo Wazungu wanalitumia kila siku bila kulifikiria. Mwalimu alisema maneno makubwa hayana shida, yanakuja na maana yake mkononi kama mgeni mwenye barua. Hayo madogo ndiyo yanamsumbua mtu. Unaondoka na neno lako, unakaa nalo wiki nzima, unachuma nalo chai, unakatia nalo nyama, unakamua nalo ng'ombe, na Jumapili unarudi na sentensi moja ambayo umelitumia. Na ile sentensi iwe ya kwako. Hakutaka habari za akina John na mpira. "John simjui," alikuwa anasema. "Nakujua wewe."

Sheria ya pili ndiyo iliyotutoa jasho. Sentensi iwe ya kweli.

Ukikosea mpangilio wa maneno, hakukucheka hata kidogo. Alikurekebishia taratibu, kama mtu anayekuvusha mtoni. Lakini ukileta sentensi nzuri, imenyooka, halafu ni ya uongo, hakusema neno. Alikunja kidole akagonga meza mara mbili. Ko, ko. Halafu anageuza uso anatazama mlima Rungwe, hata siku ambayo mlima wenyewe hauonekani kwa ukungu. Hapo ujue umerudishwa. Hakuna kujitetea. Unaenda nayo nyumbani wiki nyingine.

Na usifikiri alikuwa mtakatifu. Mtu huyo aliyetaka ukweli kwenye sentensi alikuwa mwizi wa kete kwenye drafti, mwizi wa mchana. Walikuwa wanacheza na mwenye bucha kwa vizibo vya soda. Mwenye bucha akigeuka kuitikia salamu ya mpita njia, kizibo kinahama.

"Mwalimu, kete hii ilikuwa hapa."

"Ilikuwa."

"Na sasa?"

"Sasa iko huku."

"Imetembea yenyewe?"

"Hilo ni swali. Leta sentensi."

Mwenye bucha alikuwa anainuka anazunguka baraza nzima kwa hasira, anarudi anakaa, wanaendelea. Nilimwuliza Mwalimu siku moja inakuwaje anatugongea meza wakati yeye mwenyewe anahamisha vizibo. Akasema drafti ni mchezo. Nikamwambia mwenye bucha haoni kama ni mchezo. Akasema, "Ndiyo maana anafungwa."

Jambo lingine. Alifundisha Kiingereza miaka yote ile, lakini ukimchanganyia Kiingereza ndani ya Kiswahili anakuwa mkali kama amekanyagwa. Mwenye bucha aliporudi kutoka harusini alisema, "Mwalimu, nili-enjoy sana." Mwalimu akaweka kikombe chini. "Ulifanya nini?" "Nili... nilifurahi, Mwalimu." "Umeona? Umesema na hujafa." Alikuwa anasema kila lugha ina nyumba yake, na mtu mwenye adabu akiingia anaingia mzima, haachi mguu mmoja nje.

Na chakula. Alitangaza miaka yote kwamba ndizi mbichi kuzipika ni kukosa subira, ungengoja ziive ule tunda. Nikimpelekea mbalaga niliyoipika na nyama na ndizi zetu za huku, anaila kwa uso wa mtu anayetimiza wajibu. Sahani ya kwanza wajibu, ya pili wajibu, ya tatu anakwangua sufuria. Halafu anasema, "Ndaga fijo," asante sana ya Kinyakyusa, kwa lafudhi inayochekesha hata kuku. Maneno ya Kinyakyusa aliyoyajua ni salamu na hilo, yakamtosha.

Kuhusu salamu nieleze kidogo, maana inahusika. Huku kwetu mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema nzuri. Unasema nzuri kwanza, hata kama nyumba imeungua. Mkishamaliza nzuri zote, za watoto, za shamba, za ng'ombe, ndipo unasema, isipokuwa nyumba imeungua. Sote tulidhani Mwalimu atatugongea meza kwa hilo. Hakugonga. Alisema, "Salamu si sentensi. Salamu ni mlango. Mlango hauna uongo, unafunguliwa tu." Nilipenda sana alivyosema hivyo. Nikaona huyu mtu anajua mahali pa kuweka ukali wake.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Wiki moja alitupa "still".

Alitueleza kwamba ni kitu kilichokuwepo jana, na leo ukikitafuta unakikuta palepale. Kiswahili chetu tunasema bado. Lakini bado yetu inabeba mizigo mingi. Ukiulizwa umekula, kama hujala unajibu bado. Mchumaji mwenzetu mmoja aliwahi kuulizwa na mgeni wa kiwandani kama amekula, kwa Kiingereza, akajibu "Still" kwa kujiamini kabisa, na yule mgeni akamwambia samahani, akaondoka ili amalize kula. Mchumaji wetu akashinda na njaa. Mwalimu alicheka mpaka akatoa miwani. Halafu akasema, "Sikilizeni. Still ni mvua ya Tukuyu. Jana ilikuwepo, leo ipo."

Basi Jumapili iliyofuata, mtu wa kwanza akasema, "It is still raining." Bado mvua inanyesha. Sawa, akapita. Wa pili, "It is still raining." Sawa. Mwenye bucha akainuka, akajinyoosha, "It is still raining." Mwalimu akasimama akasema kuanzia sasa mvua imepigwa marufuku kwenye baraza hii, kila mtu alete cha kwake.

Wiki iliyofuata mwenye bucha akaja amevaa koti. "The meat is still fresh." Nyama bado ni nzuri, haijachacha. Imenyooka kama reli. Sisi tukaanza kupiga makofi.

Ko, ko.

"Mwalimu! Sentensi ina kosa gani?"

"Haina kosa."

"Sasa?"

"Mwenye kosa ni ng'ombe wako wa tangu Alhamisi."

Tulicheka vibaya, nakiri, mimi nilicheka mpaka nikashika magoti. Mwenye bucha akachukua kofia akaondoka bila kuaga, na Jumapili tatu hakuonekana. Mwalimu alikuwa anapanga vizibo vya drafti mezani kila Jumapili, anavitazama, anavirudisha kwenye kopo. Hakumfuata wala hakutuma mtu. Jumapili ya nne mwenye bucha akatokea getini, amelowa, akasimama palepale kwenye mvua akasema kwa sauti, "I am still angry!"

Bado nina hasira.

Mwalimu akashuka ngazi na mabuti yake, akaenda mpaka getini, akampa mkono. "Hiyo ndiyo," akasema. "Hiyo hata ningeamshwa usingizini ningeijua." Wakaingia, wakacheza drafti, na kete ya mwenye bucha ikatembea siku hiyohiyo.

Mimi sentensi yangu ilichelewa. Nilikuwa mjane miaka kadhaa. Unajua msiba unavyokwenda. Watu wanakuja, wanakupa mkono, wanasema pole kwa pengo, na wewe unajibu, kweli pengo ni kubwa. Mwaka unapita, unakutana na mtu sokoni, anasema mzee tunamkumbuka, na wewe unasema, hata mimi namkumbuka. Nilijibu hivyo mara nyingi mpaka yale maneno yakawa yanatoka yenyewe, kama mkono wa mchumaji unavyokwenda kwenye jani bila macho. Basi na mimi nikaona hiyo ndiyo sentensi yangu. Jumapili nikasimama, nikakunja mikono, nikasema, "I still miss my husband." Bado namkumbuka mume wangu, moyo unamtaka.

Baraza nzima ikainamisha vichwa kwa heshima.

Ko, ko.

Ee ndugu yangu. Mwenye bucha akasema, "Mwalimu, hapo umezidi." Mimi nilichukua kidumu changu kikiwa na sabuni ndani nikaondoka. Njia nzima nilimtukana kimoyomoyo. Alijuaje? Yeye si wa ukoo wangu, mume wangu hakumjua vizuri. Ana haki gani ya kugonga meza juu ya marehemu?

Nilifika nyumbani nikakaa kwenye kigoda cha kukamulia, na hapo, bila mtu wa kunitazama, nikajiuliza mwenyewe. Ni kweli?

Haikuwa kweli. Mwenzangu alikuwa mchapakazi, sikatai, na paa ninalolala chini yake alilipiga yeye. Lakini alikuwa na mkono wa kupiga. Akishakunywa, mimi na wanangu tulikuwa tunajua kwa namna anavyofungua mlango kama ni siku ya kucheka au siku ya kutokea dirishani. Miaka yote ile nililala sijavua kanga, na ndala zangu zimeelekezwa mlangoni. Siku tuliyomzika nilirudi nyumbani, nikavua, nikalala mpaka jua likanikuta, na nilipoamka nikaogopa, nikadhani mimi ni mtu mbaya. Hilo ndilo jambo. Sikuwahi kumwambia mtu, si kanisani wala kwa dada zangu, na wanangu tusiwataje.

Jumatatu nikapeleka maziwa asubuhi. Mwalimu akachukua kidumu kama hakuna kilichotokea, akaosha mara tatu, akachungulia. Nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni, kwa Kiswahili, yote, haraka haraka, nikitazama mabuti yake. Kanga, ndala, dirisha, usingizi.

Hakusema pole. Akasema, "Sasa lete kwa neno."

Nikafikiri. Maneno yenyewe niliyokuwa nayo ni machache. Nikasema, "I still sleep well."

Bado nalala vizuri.

Akasema, "Sawa." Akanipa kidumu. Wewe utaona ni kitu kidogo, lakini mimi nilishuka ile njia ya Ibighi nikiwa mwepesi kama kikapu kilichomwagwa. Kuna mtu alikuwa amesikia, na mbingu haikuanguka, na hata chai hakunikaribisha. Nilimwuliza baadaye alijuaje siku ile. Akasema hakujua kitu. Alisema tu kwamba sentensi ilipita mdomoni na haikupita machoni.

Sasa unaelewa kwa nini nilishika ukuta niliposikia hajui mtu.

Sikwenda mara moja, nalo nalisema. Niliogopa. Maziwa nilimpa jirani apeleke. Wiki ya tatu jirani akaniambia binti yake Mwalimu, aliyeajiriwa Dodoma na kuja kumwuguza, anafunga nyumba. Likizo yake inaisha Ijumaa, anamchukua mzee. Nikavaa sweta, nikachukua kidumu mwenyewe, nikapanda.

Nilimkuta binti barazani anakunja mablanketi. Amekonda, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na mgonjwa."

"Tumeshapoa, mama. Karibu. Ila usijisumbue kumsemesha, hatambui mtu. Mimi mwenyewe hanitambui."

Alisema hivyo Mwalimu akiwa palepale, hatua mbili, kwenye kiti chake, mezani kwake, blanketi magotini. Mkono wa kulia umewekwa kama kitu kilichosahaulika. Wa kushoto uko juu ya meza. Nikapiga magoti kidogo mbele yake, hayo magoti yangu mabovu, nikamsalimia kikwetu, "Mughonile, Mwalimu." Nikasema habari za ng'ombe, za mvua, nikasema mwenye bucha anakusalimu, anavitunza vizibo kwenye kopo. Macho yake yalikuwa upande wa mlima. Ukungu mtupu.

Binti akaendelea, "Kule Dodoma kuna jua. Atapapenda. Na hata asipopapenda, mama, si hajui alipo?" Akakaza kamba ya mzigo.

Nikaona nimechelewa. Nikaona kweli ni kabati. Na kama mtu afanyavyo akiwa hana la kusema kwa mgonjwa, nikaleta lile la kumpa moyo, na sijui kwa nini nililileta kwa Kiingereza, labda kwa sababu ya ile baraza. Nikasema, "Mwalimu, you are still strong." Bado una nguvu.

Ko, ko.

Ilikuwa ndogo sana. Kidole cha mkono wa kushoto, kilichokunjwa nusu. Nikamgeukia binti. "Umesikia?"

"Huo mkono hutetemeka hivyo, mama. Daktari alisema."

"Unatetemeka mara mbili?"

"Mama, tafadhali..."

Nikamwambia angoje. Nikajisogeza karibu na uso wa Mwalimu, karibu kabisa. Kulikuwa na sentensi moja ambayo mimi na yeye tulikuwa tunaijua ilivyo. Nikaisema polepole. "I still miss my husband."

Ko, ko. Safari hii kwa nguvu, kijiko kwenye sahani kikalia. Na kona ya mdomo, ile iliyo hai, ikasogea.

Mimi nilicheka, binti akadhani nimerukwa na akili na mimi. Nilicheka na machozi yananishuka nikashindwa kuinuka. Nikamfuta Mwalimu mate kwa upande wa kanga yangu, nikamwambia, "You are still here." Bado upo.

Tukangoja. Binti naye akaacha kamba, akautazama ule mkono. Mkono ulitulia juu ya meza. Haukugonga. Haukugonga kabisa.

Nikamweleza binti ile sheria. Sikumaliza, akakaa chini kwenye mzigo wake. "Alikuwa anatugongea hivyohivyo mezani," akasema. "Tukiwa wadogo. Nikisema nimepiga mswaki." Akaziba mdomo. "Wiki tatu mimi nimesema kwamba ni mkono unatetemeka. Wiki tatu nimemwambia kila siku, Baba unaendelea vizuri, Baba utapona kesho kutwa, na yeye..." Hakumalizia. Sote tulijua yeye alikuwa anafanya nini.

Akataka kumwuliza maswali kumi kwa pamoja. Nikamwambia, "Usimwulize, mwanangu. Mwambie sentensi. Na iwe ya kweli, au ujue imerudi."

Akasogeza kigoda. Akashika meza kwa mikono miwili.

"Baba, Dodoma utapapenda."

Ko, ko.

"Baba..." Akavuta pumzi. "Baba, nimechoka. Nimechoka na sijui nifanye nini."

Kidole kikakaa kimya. Halafu kiganja kikafunguka polepole juu ya meza, na yeye akaweka chake humo. Mimi nikatazama mlima, kwa adabu.

Mzee hakwenda Dodoma. Walipatana mengine, akapatikana mama mmoja wa Msasani ya hapahapa Tukuyu wa kukaa naye, na mwenye bucha anakuja Jumapili na kopo la vizibo. Anacheza kwa mkono wa kushoto, na nimeambiwa kete zinatembea. Ila nataka nimalizie siku ile.

Binti aliinuka, akafuta uso, akasema mama samahani tumekuweka, ngoja nikupe kidumu chako. Akaingia ndani. Maji yakasikika mara moja. Akatoka nacho, ananikabidhi.

"Hiki hapa, mama. Kimeshatakata."

Ko, ko.

Binti akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akageuka akarudi jikoni, na nikasikia anabandika maji ya moto. Nikavuta sweta, nikakaa kwenye kona yangu. Sikuwa na haraka. Nilikuwa nasubiri kidumu.